Pombe ya Maboga Niliyoimwaga

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika nyuma ya klabu ya pombe ya Murusagamba, huku akina mama wanane wakinisubiri niwape ruhusa ya kuuza. Nilikuwa bwana afya msaidizi, nimetoka chuoni karibuni, nina viatu vipya na shati lililopigwa pasi. Chuoni tulifundishwa vyoo, visima, nzi na chanjo. Kuonja pombe hatukufundishwa. Nilipewa kibuyu cha kwanza nikanywa, cha pili nikanywa, na kwa kuwa kwetu Ntobeye ukipewa kinywaji na mtu mzima hukiachi nusu, nikavimaliza vyote vinane. Sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi.

Mzee Kagoma, bwana afya wa kata niliyeletwa kumsaidia, alisubiri nimalize kutapika, kisha akanipa maji ya kusukutua.

"Shikamoo, mzee," nilisema, maana sikuwa na jingine la kusema.

"Marahaba. Nani alikwambia umeze?"

Siku mliponiaga nikistaafu, nyinyi vijana wa afya, mliniuliza kwa nini wazee wa huku wananiita Bwana Ulimi. Niliwajibu kwamba ni habari ndefu na chakula kinapoa. Hii hapa, sasa nina nafasi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwa sababu hata mimi nilikuwa najulishwa kwa barua zilizochelewa. Nitaandika juu ya ulimi, na juu ya mwanamke mmoja ambaye pombe yake sijaipata tena mahali popote.

Kwa mlioletwa kutoka mikoa mingine: rubisi ni pombe ya ndizi. Ndizi huivishwa shimoni kwa majani na moshi, humenywa, hukamuliwa kwa nyasi mpaka zitoe maji matamu, huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, halafu hufunikwa mpaka ichachuke. Mtu hupunguza ukali kwa kuongeza maji, na maji hayo ndiyo yaliyotufanya sisi wa afya tufike klabuni. Mzee Kagoma aliamini kwamba mpishi anaweza kukudanganya kuhusu kisima lakini pombe yake haiwezi.

Alinifundisha hivi. Usionje ukiwa umekula kitunguu wala ukiwa na njaa. Sukutua kwa maji kati ya kibuyu na kibuyu. Angalia povu kwanza, halafu nusa, halafu weka funda moja mdomoni, lizungushe, liteme kwenye jani la mgomba. Ukali unaotakiwa huuma pembeni mwa ulimi. Ukiuma kooni, uliza ameongeza nini. Ukikuta ladha ya tope, uliza amechota wapi. Baada ya hapo unaandika katika daftari: daraja la kwanza, la pili, la tatu, au neno moja tu, "mwaga". Neno hilo aliliandika mara chache, na kila mara alimwita mwenye mtungi pembeni akamweleza kwa sauti ya chini kabla ya kugusa chochote.

"Ukimwaga pombe ya mtu," aliniambia, "umemwaga wiki yake nzima. Hakikisha unajua kwa nini."

Nilikaa naye miaka mitano. Mke wangu, wakati huo tulikuwa bado wachumba, hakuwahi kuamini kwamba mtu anaweza kushinda klabuni tangu saa nne hadi saa tisa akarudi mzima. Aliniambia nitembee kwenye mstari wa matofali uani kwao. Nilitembea vizuri, akasema lazima nilikuwa nimefanya mazoezi.

Halafu walikuja wakimbizi kutoka Burundi. Mliokuwa wadogo mmesimuliwa, sitarudia yote. Barabara ilijaa watu wenye magodoro vichwani na mbuzi mkononi, na vilima vilivyokuwa na miti tangu nizaliwe vikabaki wazi kwa sababu kila mtu alihitaji kuni. Mimi nilihamishiwa kata iliyopakana na kambi. Kwa miezi mingi kazi ilikuwa vyoo, klorini na kuhara, na sikugusa kibuyu. Nilipanga chumba kwa Mama Adela, mjane wa Kihangaza aliyekuwa mpishi mkubwa wa rubisi pale kijijini. Alinilisha kama mtoto wake. Nikirudi nimechoka nikakataa kula, alikaa mlangoni na sahani mpaka nichukue kijiko.

Watu wakishatulia kidogo huanza kupika pombe, hata kambini. Kiangazi cha kwanza baada ya hali kupoa, mtama ukiwa umeshavunwa, niliagizwa nikague wapishi wa kambini kwa sababu wanakijiji walikuwa wanakwenda kunywa huko, na wa huko wanakuja kuuza kwetu siku ya soko. Nilikuta pombe za mahindi ya mgao, nyingi zikiwa za daraja la tatu, na nyingine mbili nilizozimwaga. Ndipo nikafika kwenye kibanda ambacho turubai lake lilikuwa halionekani. Mmea wa maboga ulikuwa umepanda juu yake ukalifunika lote, na maboga ya rangi ya chungwa yalikuwa yamelala juu ya paa kama kuku.

Nje alikaa mwanamke wa makamo mwembamba, anapepeta kimea cha mtama. Jina lake Spesioza. Alitoka upande wa Muyinga. Kiswahili chake alikuwa amekiokota sokoni, lakini alikisema bila woga.

"Amahoro, Bwana Afya."

"Amahoro, mama. Kwenye mtungi kuna nini?"

"Pombe."

"Ya nini?"

"Ya maboga."

"Pombe ya maboga haipo."

"Basi onja hiyo isiyokuwepo."

Nilisukutua, nikatazama. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa sana, povu dogo lililong'ang'ania ukingo. Harufu ya kwanza ilikuwa tangawizi, ya pili mchaichai, na nyuma yake karafuu, lakini chache mno, unazisikia kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Nikaweka funda mdomoni. Utamu wa boga ulikuja mzito, halafu mtama ukaukausha, halafu tangawizi ikapanda taratibu mpaka masikioni. Nilikuwa na jani la mgomba mkononi tayari kwa kutema. Nilimeza.

"Umefundishwa na nani?" nilimuuliza.

"Kwetu nilikuwa na migomba," alisema. "Nilipika ya ndizi, kilima kizima kilinijua. Hapa sina migomba, nina maboga. Nilijaribu, nikaharibu mitungi mingi. Hii ndiyo ya kwanza ninayoweza kumpa mgeni."

Nikamuomba anionyeshe anavyopika. Aliyachemsha maboga mpaka yakavurugika, akayaponda, akayachemsha tena pamoja na viungo, na maji yote aliyoongeza yalikuwa yamechemka. Alifanya hivyo kwa sababu boga bichi halitoi ladha, wala hakuwa na habari na mimi na vijidudu vyangu. Katika daftari niliandika "daraja la kwanza", halafu nikaongeza mstari mmoja ambao Mzee Kagoma angenikemea: "Sijui niilinganishe na nini."

Tangu siku hiyo nilijikuta nina ukaguzi mwingi upande ule wa kambi. Sikuwa na jambo baya moyoni, na mke wangu, ambaye tulikuwa tumeshaoana lakini amebaki Ntobeye akifundisha, nilimpelekea kibuyu kizima. Alikunywa, akauliza kama kimebaki. Kila kiangazi nilingoja maboga yaive. Spesioza alibadilisha kidogo kila mara. Mara tangawizi zaidi, mara aliyachoma maboga kwanza kwenye majivu ndipo ayachemshe, na hiyo ya kuchoma ilikuwa na moshi mwepesi ambao hata sasa nikipita penye moto wa majani nageuka kutafuta ulipo.

Mwaka mmoja viongozi wa kata waliamua siku ya shukrani ya mavuno wapishi wote walete mitungi, wa kijijini na wa kambini, bwana afya aonje na kuipanga. Nadhani walitaka watu wakae pamoja, kwa sababu maneno yalikuwa yameanza: kuni zimekwisha, mbuzi wameibwa, na kila kilichopotea kilikuwa kimechukuliwa na mkimbizi. Nilionja mitungi kumi na minne. Niliyoiweka ya kwanza kwa ubora ilikuwa ya Spesioza. Ya pili ilikuwa rubisi ya Mama Adela. Niliitaja hivyo mbele ya watu wote, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Jioni hiyo Mama Adela aliniwekea chakula mezani akaondoka. Hakukaa mlangoni.

"Mama, umekasirika?" nilimuuliza.

"Mimi nikasirike nini? Ulimi ni wako."

Wiki chache baadaye kulikuwa na harusi pale kijijini. Rubisi alipika Mama Adela. Bwana harusi, ambaye alikuwa ameionja ile ya maboga siku ya mavuno, akaagiza mtungi mmoja kwa Spesioza kwa ajili ya meza ya wazee. Kesho yake watu ishirini na zaidi walikuwa zahanati, wanahara na kutapika. Mzee mmoja tulidhani hatutamrudisha nyumbani.

Nilifika zahanati asubuhi na mapema nikafanya nilichofundishwa, nikapita kitanda hadi kitanda nikiuliza umekula nini, umekunywa nini. Wengi walikuwa vijana na wanawake, ambao hawakukaa karibu na meza ya wazee kabisa. Walikunywa rubisi tu. Huyo mzee aliyezidiwa alikuwa amekunywa zote mbili, lakini wenzake wanne wa meza ile walioionja ya maboga peke yake walikuwa wazima, wamekuja kumtazama. Kabla jua halijapanda nilikuwa najua. Kisima cha Mama Adela kilikuwa kimekauka kiangazi kile, na nilijua anachota bondeni, chini ya mahali ng'ombe wanapovuka, kwa sababu ndoo zake nilikuwa nazipita huko kila siku nikienda kazini. Nilizipita bila kumuuliza kitu. Mpishi mwingine ningemuuliza.

Nilipotoka nje nilikuta watu wamejaa uwanjani, na mtendaji wa kijiji katikati yao.

"Bwana Afya, tuambie," alisema. "Ni ile ya mkimbizi?"

"Bado nachunguza."

"Unachunguza nini? Tangu lini watu wanakunywa maboga? Rubisi tumeinywa tangu babu zetu."

Mama Adela alikuwa amesimama kwenye kundi, kitenge amekifunga shingoni. Alinitazama, akatazama chini. Watu walikuwa na fimbo. Nilijiambia kwamba nikimtaja yeye hawataniamini, na wasiponiamini watakwenda kambini wenyewe, na huko yatatokea mabaya zaidi. Huenda hilo lilikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba jioni nitarudi kulala katika nyumba yake.

"Twendeni nikaimwage," nilisema.

Tulikwenda. Walinifuata hadi mbele ya kile kibanda. Spesioza alisimama akijifuta mikono. Alikuwa na mitungi mitatu, miwili iliyo tayari na mmoja unaochachuka. Niliinua wa kwanza nikaumimina chini. Tangawizi ilijaa hewani. Nikamimina wa pili. Wa tatu ulikuwa mzito, nikausukuma kwa mguu. Watu walipiga makofi. Yeye hakusema neno, hakuomba, hakulia. Alinitazama usoni tu tangu mtungi wa kwanza hadi wa mwisho, na mimi nikatazama mitungi.

Nilivumilia siku nne. Ya tano niliandika taarifa kama nilivyopaswa kuiandika siku ya kwanza, nikachukua maji ya bondeni kwenye chupa, nikafunga upishi wa Mama Adela na kuupiga marufuku mpaka kisima kipya kichimbwe. Kisha nikawaita watu uwanjani pale pale nikawaambia kwamba pombe ya maboga haikuwa na kosa. Walikuja kama thelathini hivi. Siku ya kumwaga walikuwa zaidi ya mia. Mama Adela alitoa sanduku langu nje na kulifunika kwa kanga ili vumbi lisiingie, na hilo la kanga liliniumiza kuliko la kutolewa.

Nilikwenda kwa Spesioza nikiwa nimepanga maneno. Nilikuta amelima tena pembeni mwa kibanda, miche ya maboga ina majani mawili mawili.

"Mama, nimekuja kuomba..."

"Nimesikia ulivyosema uwanjani," alinikata. "Asante."

"Utapika tena?"

"Maboga yakiiva."

Hakunikaribisha kukaa. Maneno niliyopanga nikarudi nayo.

Maboga hayo hayakuiva akiwapo. Malori ya kuwarudisha watu Burundi yalianza kuja kwa zamu, na zamu ya mtaa wake ilifika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Nilipata habari nikiwa Murukulazo kwenye chanjo. Nilipofika kambini kibanda kilikuwa kimeshavuliwa turubai, miti imebaki imesimama, na mmea wa maboga umelala chini na maboga mabichi saba. Jirani yake aliniambia kwamba alipanda lori asubuhi, amebeba mtungi mmoja na mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa.

Yale maboga saba niliyachukua. Niliyatunza hadi yakaiva, nikachemsha, nikaponda, nikatia tangawizi, mchaichai na karafuu, nikafunika. Mke wangu alionja akaniuliza kama ni dawa ya mifugo. Nilijaribu kila kiangazi kwa miaka mingi. Nilichoma kwenye majivu, nilibadilisha mtama, niliomba mbegu kwa Warundi waliobaki wakawa majirani zetu. Nilipata kitu kinachonyweka, daraja la pili labda, nikiwa na huruma. Siku nyingine kazini, naonja rubisi ya mtu, nilijikuta naisubiri ile tangawizi ipande, haipandi. Niliwapa watu madaraja kwa haki, lakini kichwani kulikuwa na mtungi mmoja uliokuwa umekaa mbele ya yote.

Mwezi uliofuata baada ya nyinyi kuniaga nilivuka mpaka pale Kabanga. Nilikuwa na jina lake na jina la kilima, basi. Nilipanda pikipiki mbili na kuuliza kwenye parokia tatu, mpaka katekista mmoja mzee akacheka akasema, "Spesioza wa maboga?" akanionyesha njia.

Alikuwa uani anachambua maharage. Amezeeka, nami nimezeeka, lakini aliinua kichwa akasema mara moja:

"Bwana Afya."

"Amahoro, mama."

Alinipa kigoda. Safari hii sikupanga maneno.

"Ile siku," nilisema, "nilikuwa najua kwamba si pombe yako. Nilijua kabla sijatoka zahanati."

Aliendelea kuchambua maharage kidogo.

"Nilikuona usoni," alisema. "Nilikuona unajua. Ungekuwa hujui, ningekueleza. Ningekuambia maji nachemsha, ulishaona mwenyewe. Lakini mtu anayejua, unamweleza nini?"

Alinyanyuka akaingia ndani. Nilisikia sufuria. Nilikaa pale natazama migomba yake, safi, imepaliwa, mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na shamba la maboga nyuma yake, na nikiri kwenu kwamba mate yalinijaa mdomoni kama mtoto.

Alirudi na sahani ya boga lililochemshwa na chai ya rangi.

"Pombe sipiki tena," alisema kabla sijauliza. "Niliokoka. Ni miaka mingi sasa. Hata ya ndizi sipiki."

"Hakuna hata mmoja uliyemfundisha?"

"Binti yangu hakutaka. Ni kazi nyingi."

Nilichukua kipande nikala. Lilikuwa boga zuri, kavu, linavunjika vizuri. Alinitazama nikila, akiwa na ile hali ya mpishi anayesubiri kuambiwa.

"Lina utamu?"

"Lina utamu sana, mama."

Alikata kipande akakionja mwenyewe, akakitafuna polepole, akakiweka kilichobaki ukingoni mwa sahani.

"Hapana," alisema, akigeuka kuangalia upande wa mpakani, kule nilikotoka. "Ya kule kambini yalikuwa matamu zaidi. Nimepanda mbegu zile zile kila mwaka. Hayaji vile."